Heri Lenzi ya Babu

Tuwapongeze wanaojua thamani ya fedha. Mtu anajinyima, ananunua kamera ya kisasa inayotambua jicho la binadamu, la paka, hata la ndege anayeruka, na kulifuata lisipotee. Kisha, kwa busara, anaifungia Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58 iliyoigwa kutoka Biotar ya Wajerumani, isiyojua kuiambia kamera neno lolote. Ni kama kuajiri rubani na kumkabidhi baiskeli; heshima ya urubani si iko palepale?

Na ni bei poa! Lenzi rahisi. Adapta ya M42 ya kuiunganisha na kamera, rahisi. Adapta ya pili, maana ya kwanza imelegea, rahisi vilevile. Halafu lenzi nyingine ya zamani, Super-Takumar ya milimita 50, ambayo kioo chake chenye thoriamu hugeuka manjano kwa uzee. Dawa yake ni kuianika juani kama dagaa. Kwa jumla ya urahisi wote huo angepata lenzi mpya, lakini hiyo ingekuwa anasa.

Ukimaliza kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono ili kulenga, mtoto aliyekuwa akicheka ameshalala. Sikio limetoka kali, macho yana ukungu. Wajuzi wanasema hiyo ndiyo roho ya picha, nasi ni nani tubishane na roho?

Kwa hiyo, ndugu mpiga picha, bibi harusi akiuliza uso wake uko wapi, mwoneshe jinsi lenzi inavyoyazungusha majani ya nyuma yake. Uso anao nyumbani.