Tuhesabu Kutoka Tisa: Wanayoyataka Watu wa Chuo Kikuu

Mipango mikakati ya vyuo vikuu hupenda kutuambia kwamba wafanyakazi ndio rasilimali kuu ya taasisi. Naunga mkono kwa mikono miwili. Jengo halifundishi, wala maabara haisahihishi mtihani. Basi tuulizane: hiyo rasilimali kuu inataka nini?

Kaa na wahadhiri, makarani, wapishi, walinzi na mafundi wa maabara wa Kenya wakipiga soga baada ya kazi, jibu utalipata bila dodoso. Nimelipanga kuanzia la tisa hadi la kwanza, kama mtangazaji wa redio anavyohesabu nyimbo za wiki. Daktari, Profesa, ukiona lako limewekwa chini mno, njoo tubishane. Kubishana ndiyo kazi yenu na mnaiweza.

9. Chai ya saa nne

Usicheke. Chuo kikianza kubana matumizi, birika huwa la kwanza kufungiwa kabatini, na chumba cha walimu kinabaki viti vitupu. Pale ndipo mtu wa fizikia alipokuwa akikutana na mtu wa historia. Pale ndipo mhadhiri mgeni alipokuwa akinong'onezwa ni karani yupi anayezijua fomu zote. Nipe chai ya maziwa na mandazi mawili, nami nitakumalizia kwa dakika kumi shauri ambalo kamati imelilalia muhula mzima.

8. Mlango unaofungika

Wahadhiri watatu, ofisi moja, meza mbili. Wanaishi kwa zamu: huyu akisimamia tasnifu, yule anakwenda kusahihisha karatasi ndani ya gari, na wa tatu, asiye na gari, yuko chini ya mwarobaini. Wao ni watu wazima, watavumilia. Anayeumia ni mwanafunzi anayebisha hodi akiwa na shida ya kweli: ada haijalipwa, mama kalazwa, na wiki ya mitihani ndiyo hii. Anaziangalia nyuso tatu, anasema, "Nitarudi baadaye, mwalimu," na harudi. Ofisi ndogo yenye mlango unaofungika ingemrudisha.

Na kalamu ya ubao jamani! Mtu mwenye shahada tatu kainunua kwa pesa yake, na akikuazima anasimama papo hapo mpaka umalize.

7. Kupanda cheo kwa kanuni zinazosomeka

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa viwango vilivyomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, na waliokuwa kazini tayari wakapewa miaka mitano. Nia ilikuwa njema. Lakini uzamivu hausomwi usiku baada ya kufundisha kozi tano. Unataka ada, unataka likizo ya masomo, unataka msimamizi mwenye nafasi ya kusoma sura uliyomletea kabla hujaisahau mwenyewe. Wapo waliosoma kwa mikopo, wakafuzu, wakavaa majoho, kisha wakarudi kazini kuambiwa kwamba usaili wa kupandisha vyeo umesimamishwa kwa kukosa fedha.

Kanuni iwe moja, ibandikwe ukutani, na isibadilishwe mtu akiwa katikati. Kama ni makala manne, yawe manne hata kwa mwombaji tusiyempenda.

6. Wasioitwa Daktari

Mhadhiri akigoma, magazeti yanaandika. Mpishi wa bweni akigoma, chuo kinafungwa kabla ya chakula cha jioni. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi hawa, KUSU na KUDHEIHA, vikiita mkutano, uongozi hufika mapema.

Fundi wa maabara alikuwapo tangu mkuu wa idara akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ndiye aliyemfundisha kushika bureti. Mkuu wa idara amepanda mpaka juu. Fundi yupo palepale, kwa sababu muundo wa cheo chake una hatua chache na zote alishazimaliza. Muundo huo ni wa kuandikwa upya. Haugharimu jengo.

5. Mwalimu anayelipwa kwa saa

Hapa tukae kidogo.

Jumatatu yuko Nairobi, Jumatano Thika, Ijumaa Machakos. Begi lake lina madaftari ya vyuo vitatu, na huyu bwana hajawahi kuchanganya darasa hata moja, jambo ambalo lingemshinda karani yeyote mwenye kompyuta. Vyuo vinampenda kwa sababu hana marupurupu ya nyumba, hana bima, hana pensheni. Mwisho wa muhula anajaza fomu ya madai. Fomu inakwenda kwa mkuu wa idara, inatiwa saini. Inakwenda kwa mkuu wa kitivo, inatiwa saini. Inakwenda kwa msajili, na msajili yuko safarini. Ikifika ofisi ya fedha, karani anaigeuza nyuma na mbele, anauliza barua ya uteuzi iko wapi. Ile barua ilitolewa na chuo hichohicho.

Miezi inapita. Muhula mwingine unaanza na mwalimu anaitwa tena, maana somo halina mtu. Anarudi kufundisha akiwa anakidai chuo malipo ya mihula iliyopita. Siku moja anachoka, anakaa na alama. Sasa ndipo mwanafunzi anapoingia katika hadithi: siku ya mahafali inakaribia, jina lake halimo orodhani, alama za somo moja hazionekani. Mzazi kijijini ameshakodi matatu ya kuleta ukoo mzima. Mzazi huyo hataki kusikia habari za fomu ya madai, na ana haki.

Dawa yake ni nyepesi kuitaja: saa za mwalimu huyu zilipwe muhula unapokwisha, kabla ya Seneti kukaa kupitisha matokeo. Chuo kisichoweza kumlipa mwalimu kisifungue darasa hilo. Nasema hivyo nikijua kwamba madarasa mengi hayangefunguliwa.

4. Uzee usio na hesabu za kushtukiza

Tuvuke mpaka, maana ndugu zetu wa Tanzania wamelijadili hili hadi neno "kikokotoo", yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, likawa la vijiweni. Mwaka 2018 kanuni mpya ziliweka malipo ya mkupuo ya mstaafu kuwa asilimia 25 kwa wote, hata kwa waliokuwa wakipata 50. Kelele zilikuwa kubwa, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikaipandisha kuwa asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilipata 50, na 35 kwa lile la 25. Mfuate mhadhiri wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa akihesabu miaka yake ya mwisho kipindi hicho chote: hesabu ya nyumba anayoijenga ilibadilika mara kadhaa kabla hajapaua.

Tanzania ilifanya jambo jingine mwaka 2018 ambalo nalisifu bila kusita: maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma waliongezewa umri wa kustaafu kutoka miaka 60 hadi 65. Ubongo wa profesa katika umri huo ndio kwanza umeiva.

3. Mshahara kamili, tarehe inayojulikana

Mlitegemea hili liwe la kwanza, nawajua. Subirini.

Vyuo vya umma vya Kenya havikufilisika kwa usiku mmoja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vilijitegemeza kwa wanafunzi wa kujilipia, wale wa masomo ya sambamba. Pesa ziliingia, matawi yakafunguliwa juu ya maduka na mikahawa, watu wakaajiriwa. Halafu ukaja mtihani wa KCSE wa mwaka 2016, uliosimamiwa kwa ukali, na waliopata C+ kwenda juu wakawa 88,929 tu. Idadi hiyo ilienea katika nafasi zinazofadhiliwa na serikali. Wanafunzi wa kujilipia wakapukutika, majengo na watumishi wakabaki. Mwaka 2023 serikali ikaleta mfumo mpya wa ufadhili, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mfanyakazi yuko katikati ya hayo yote na mwenye nyumba hataki kuelezwa.

Nusu mshahara haina jina la heshima. Mtoto hasomi nusu muhula, wala daktari hatibu nusu malaria. Wafanyakazi wengi niliowasikia hawalii sana na kiasi chenyewe. Wanalilia tarehe. Mtu akijua ni tarehe 30, atapanga. Akiambiwa "wiki ijayo, Mungu akipenda," anapanga nini?

2. Makato yafike yalikotumwa

Chukua karatasi ya malipo ya mfanyakazi yeyote, uisome polepole. Hii hapa kodi, hii hapa pensheni, hii hapa bima ya afya, hii hapa Sacco, mkopo wa benki, ada ya chama. Kila mstari una kiasi, na kila kiasi kimeondolewa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zimerudia kueleza kwamba vyuo kadhaa vya umma hukata fedha hizi na kutozipeleka zinakotakiwa.

Sasa mwone mama mmoja wa maktaba. Ana mkopo wa Sacco aliolipia karo, na karatasi yake inaonyesha umekatwa kila mwezi. Anakwenda kuomba mwingine mdogo. Pale dirishani anaambiwa kwamba hajalipa muda mrefu na wadhamini wake wameandikiwa barua. Wadhamini wenyewe ni wenzake wawili wa maktaba palepale, wanaokaa naye meza moja. Kesho yake hawamsalimii. Anawaonyesha karatasi ya malipo, wanaisoma, wanaelewa, lakini barua ya deni bado ina majina yao.

Mishahara ikichelewa, mnachelewa wote na mnaombana unga. Hili linamfanya mtu mwaminifu aonekane mdaiwa sugu mbele ya majirani, kwa pesa aliyoilipa. Ndiyo maana nimeliweka juu ya mshahara wenyewe, na sitaki kulishusha hata mkinibembeleza.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikuacha shaka: mwajiri akikata ana wajibu wa kupeleka, na asipopeleka ni kosa la jinai. Tuanzie hapo. Chuo kikipokea fedha za mwezi, makato yatangulie kutoka, kisha umeme, kisha zulia la ukumbi wa mikutano.

1. Kilichotiwa saini kitekelezwe

Ndilo hili, na halina mpinzani.

Vyama vya wahadhiri wa Kenya havikupatikana bure. Mwaka 1980 Rais Moi alikipiga marufuku chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu, ambacho miongoni mwa viongozi wake alikuwa mhadhiri kijana wa sheria aitwaye Willy Mutunga, aliyekuja kuzuiliwa bila kesi mwaka 1982 na, miongo mitatu baadaye, kuwa Jaji Mkuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahadhiri waligoma wakidai haki ya kusajili chama chao, wengine wakapoteza kazi. Chama hicho, UASU, kilisajiliwa mwaka 2003. Watu walilipa bei hiyo yote ili wakae mezani na mwajiri, waandikiane, watie saini. Wasiotuelewa tunapokasirikia mkataba wa pamoja, CBA, usiolipwa, basi waanzie hapo.

CBA ya kipindi cha 2017 hadi 2021 ilikwisha muda wake ikiwa haijalipwa yote. Serikali ikasema salio ni dogo, vyama vikasema ni shilingi bilioni 7.9, na Septemba 2025 vyuo vya umma vikasimama. Mgomo ulidumu siku 49. Ulipokoma tarehe 5 Novemba, serikali ilikubali bilioni 7.9 zilezile, kwa mikupuo miwili. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza ya mgomo. Wanafunzi walipoteza wiki saba kusubiri wakubwa wakubali hesabu.

Uganda nako wanaijua njia hii. Novemba 2016 wahadhiri wa Makerere waligoma wakidai malimbikizo ya marupurupu waliyoahidiwa, na Rais Museveni akakifunga chuo. Kilifunguliwa mwaka uliofuata.

Mhadhiri anaweza kufundisha bila chai, akasahihisha chini ya mwarobaini, akasubiri cheo. Hayo ni ya subira. Lakini akiona jina la mwajiri wake chini ya ukurasa na ahadi iliyo juu ya jina hilo haitimizwi, hataamini tena tangazo lolote, hata lile la kweli.

Mkataba wa 2025 hadi 2029 usirudie hayo. Waheshimiwa wa Wizara ya Elimu, wajumbe wa mabaraza ya vyuo, nanyi viongozi wa vyama: andikeni kiasi kinacholipika, kiingizeni katika bajeti ya mwaka huohuo mnaotia saini, tangazeni tarehe, kisha lipeni siku hiyo.