Sekunde Kumi za Skrini ya Bluu

Ndugu yangu, kama unakaa na mke, watoto na mama mkwe chini ya paa moja, usipandishe toleo la kompyuta mkesha wa Jumamosi. Nakuambia kwa mapenzi.

Kompyuta yetu iko sebuleni, kati ya friji na cherehani. Mama Zuhura anasanifia humo kadi za harusi, na kwa ajili yake nilinunua Kariakoo kadi ya grafiki iliyotumika, ili afungue skrini mbili: moja ya mchoro, moja ya majina ya waalikwa. Kompyuta hiyo inatumia mfumo wa Ubuntu. Jina hilo nalipenda, maana ni utu wetu huu huu kwa lugha za ndugu zetu wa kusini mwa Afrika. Ijumaa usiku nikaihamisha kutoka toleo la 22.04 kwenda 24.04. Asubuhi skrini ya pili ilikuwa giza totoro, na ya kwanza ilijaa maandishi makubwa kama bango la mgombea.

"Baba Zuhura, kadi zangu ziko wapi? Wenyewe wanakuja kesho."

"Zipo, mama. Draiva ndiyo imegoma."

Mama mkwe, tunayemwita Bibi Mkaguzi kwa kuwa hakuna sufuria asilolifunua, akadakia kutoka jikoni: "Dereva amegoma? Mpe hela yake, mwanangu. Mtu ana watoto huyo."

Draiva ni mkalimani kati ya mfumo na kadi ya grafiki. Toleo jipya lilikuja na keneli mpya (kiini cha mfumo), 6.8, kwa hiyo draiva yangu ilibidi ijengwe upya ili zielewane. Ikajengwa vizuri tu. Ilipokwama ni mlangoni. Mashine yetu ina ulinzi uitwao Secure Boot, bawabu asiyeruhusu chochote kuingia kwenye keneli bila saini anayoitambua. Draiva iliyojengwa nyumbani inasainiwa kwa ufunguo wa nyumbani, na ufunguo huo lazima usajiliwe kwanza. Unatunga nywila, unawasha mashine upya, na kabla mfumo haujaamka inatokea skrini ya bluu. Hapo unabonyeza kitufe chochote, unachagua kusajili ufunguo, unaandika ile nywila. Una sekunde 10 za kubonyeza. Zikipita, mashine inaendelea na safari yake na ufunguo umebaki nje.

Sekunde 10! Wewe mwenye nyumba, hebu niambie ni lini mara ya mwisho ulikaa sekunde 10 bila kuitwa.

Mara ya kwanza bluu ilitokea wakati Bibi Mkaguzi anataka ahamishiwe mtungi wa gesi. Mama mkwe haambiwi subiri. Niliporudi, bluu imeshapita.

Mara ya pili nilikaa imara. Lakini tuna kitinda mimba wa miaka mitano, jina lake la humu ndani ni Kidole. Swichi, rimoti, kengele ya jirani, vyote vyake. Niliinama kuokota risiti niliyoandikia nywila, naye akabonyeza Enter mara mbili. Ya kwanza ikafungua menyu, ya pili ikachagua mstari wa juu kabisa, ule wa kuendelea kuwaka kama kawaida.

"Baba, nimekusaidia!"

Ungemfanya nini? Nikampakata.

Shemeji yangu wa Morogoro, Injinia wa Simu, akapiga kusema nizime Secure Boot tu. Dawa hiyo inafanya kazi, sikatai. Ila kompyuta ile imebeba majina na namba za simu za ukoo wa watu, na watu wametuamini. Bawabu nilitaka abaki.

Nikaitafuta risiti yangu. Bibi Mkaguzi anaamini gesi ni ya chai na maharage ni ya mkaa, na mkaa unahitaji karatasi ya kuwashia. Basi.

Nikaomba usajili upya kwa amri ya mokutil. Safari hii Mama Zuhura alinisogeza kwa kiwiko, akakaa yeye. "Nywila iwe nazikavu," akasema kwa sauti. Herufi 8, zinatosha, na nyumba nzima ikaikariri. Zuhura akamshika Kidole mikono yote miwili. Bluu ikaja. Mke wangu akabonyeza, akasoma kila mstari taratibu kama anayesoma barua ya posa, akateremka hadi kwenye kusajili ufunguo, akathibitisha, akaandika nazikavu.

Mashine ikawaka tena. Skrini ya pili ikapepesa, kisha majina ya waalikwa yakapangana, madogo, safi, mstari kwa mstari.

Bibi Mkaguzi akaja na mikono inayochuruzika maji, akavaa miwani, akayasoma yote hadi chini.

"Mbona mama yake Salma hayumo?"

Mama Zuhura akavuta kibodi, akaanza kuandika. Mimi nikaenda kuipua maharage.