Mwongozo wa Kuua Injini Bila Kugusa Nyundo

Hongera kwa gari. Limevuka bahari kutoka Japani, ushuru umelipa, namba umefunga. Petroli huwezi kuisahau, maana ikiisha gari halitoki. Oili, kulanti na mafuta ya breki vina subira zaidi: vinakudai kimyakimya. Kwa hiyo ndivyo tutakavyovitumia.

Tuanze na oili. Fungua mlango wa dereva, tazama pembeni. Huenda ukakuta kibandiko cha Kijapani chenye tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Kikisomeka 24, usifurahi ukadhani ni 2024. Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi za wafalme wao, na 24 ya enzi ya Heisei ni 2012. Usikibandue. Ni ushahidi kwamba kuna siku gari hili liliwahi kuhudumiwa.

Waoga huegesha mahali tambarare, huzima injini, husubiri dakika kadhaa, huchomoa kijiti cha kupimia, hukifuta, hukirudisha mpaka mwisho, ndipo hukichomoa tena na kusoma. Oili ikiwa kati ya alama mbili, hufunga boneti na kwenda zao. Kazi yenyewe haimalizi hata kikombe cha kahawa. Wewe subiri taa nyekundu yenye picha ya birika. Ikiwaka, usisimame, si umebakiza kilomita kumi tu? Taa ile inakwambia presha ya oili imeanguka na vyuma vinasagana vikavu. Na ukikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, pokea pongezi zangu: maji yameshaingia, pengine gasketi ya silinda hedi imekwisha, na rejeta hata hatujaigusa.

Kwenye rejeta ndipo penye utamu. Kulanti inauzwa, maji ya kisima ni ya bure, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, kwa hiyo unapata na kiungo juu. Maji yanayokataa kutoa povu la sabuni ndiyo yatakayojenga ukoko na kutu kwenye vijia vya rejeta. Akitokea mjuaji akasema kulanti huzuia kutu na kuchelewesha maji kuchemka, mjibu kwamba hiyo ni ya nchi za barafu.

Kisha muite fundi aondoe thamostati. Hutahitaji kumshawishi. "Hii ya Ulaya, bosi, huku kwetu kuna joto." Kidude hicho ni mlango unaobaki umefungwa mpaka injini ipate joto lake la kazi, karibu nyuzi 90. Jua la Dar, hata la Februari, halifiki nyuzi 40. Kwa injini, Temeke na Makambako zote ni friji. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto na inakunywa petroli zaidi, na gari litaendelea kuchemsha vilevile, maana mbovu ilikuwa feni.

Mimi nilihitimu somo hili Kitonga, nikipandisha Iringa. Mshale wa joto ulishapita katikati, nikaona haya kusimama wakati malori yanapanda. Kona ya tatu, mvuke ukatoka kwenye boneti kama sufuria ya makande. Mwenzangu akakimbilia mfuniko wa rejeta na kitambaa mkononi. Kijana mmoja muuza ndizi akamvuta shati: "Kaka, utaungua uso!" Alikuwa amesema kweli. Mfuniko ule hubana presha, na maji ya ndani huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua ghafla, yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia. Tukakaa jiweni saa nzima tukila ndizi. Mwenye haraka ya kweli asingekaa: angemimina maji baridi kwenye injini ya moto, silinda hedi ikapasuka, akapanda basi.

Sasa breki. Mafuta yake hunyonya unyevu wa hewani, na pwani unyevu haulipiwi. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishalewa maji inaweza kuchemkia nyuzi 155 tu. Watengenezaji wengi husema ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Ya kwako iache, halafu teremka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya pedali muda wote, badala ya gia nzito. Breki zikishika moto, mafuta yanageuka mapovu na pedali inazama mpaka sakafuni. Hapa mzaha wangu unaishia, maana nyuma umepakia watoto.

Gia boksi nayo ni rahisi: kama ni ya CVT, iwekee mafuta ya gia ya otomatiki ya kawaida, rangi si zinafanana? Maji ya waipa ndiyo pekee tunayojaza kila wiki, kwa sababu vumbi la kioo linaonekana.

Ukikwama barabarani, kata matawi mabichi uyatandaze nyuma ya gari, mbali kiasi. Zile pembetatu nyekundu najua umeziacha nyumbani.