Sifa za Usaili Usiokwisha

Usaili mrefu umesemwa vibaya vya kutosha. Vijana wanaulaani kwenye daladala, wazazi wanauombea dua, na hajatokea hata mmoja wa kuutetea. Acha nijitokeze mimi. Nauzungumzia usaili wa kazi ya mchambuzi wa data katika kampuni za hapa Dar es Salaam, ule unaotangazwa kuwa ni wa "nafasi ya haraka" wakati wa vuli na kuendelea mpaka masika yanakatika. Kitu chenye umri mrefu namna hiyo hakikosi baraka.

Kwanza, una nasaba kuliko wengi wetu. Babu yake ni mtihani wa kuwapata maofisa wa wafalme wa China, uliodumu zaidi ya miaka 1,000 hadi ulipofutwa mwaka 1905. Watahiniwa walifungiwa katika vijumba vya mtu mmoja mmoja, wakaandika, wakala na kulala humo humo. Mjomba wake ni Mmarekani: Thomas Edison, mvumbuzi mashuhuri, aliyekuwa akiwapa waombaji kazi orodha ya maswali mia na ushee ya kila namna. Mwaka 1921 Albert Einstein alikuwa ziarani Boston, akaulizwa moja la maswali hayo: kasi ya sauti ni ipi? Akajibu kwamba haibebi kichwani kwa kuwa imo vitabuni. Kwa kipimo hicho, Einstein angerudi nyumbani kungoja simu.

Pili, hakuna anayepambana na ukosefu wa ajira kama usaili huu. Asiye na kazi huamka hana pa kwenda. Akiingia kwenye usaili, anapata ratiba. Huanza na simu ya afisa rasilimali watu, anayetaka kujua unatarajia mshahara gani bila yeye kutaja walionao. Hufuata mtihani wa mtandaoni, wenye saa inayohesabu kurudi nyuma na pembetatu za kupanga. Kisha unakutana na meneja, kisha meneja wa meneja, kisha mkuu wa kanda aliye Nairobi, kwa Zoom na kwa bando lako mwenyewe. Ongeza mhuri wa wakili kwenye nakala za vyeti, barua ya serikali ya mtaa, na wadhamini watatu wa kuwakumbusha wasizime simu. Hiyo ni ajira kamili: ina wakubwa, ina tarehe za mwisho, ina nauli. Kilichopungua ni mshahara tu, na jopo limeshakuuliza kama wewe ni mtu wa kutanguliza pesa.

Lakini utukufu wake wote umo katika kazi ya nyumbani. Faili la Excel linaingia Ijumaa jioni. Linatakiwa Jumatatu asubuhi. Ndani mna mauzo ya mwaka mzima, mistari elfu kadhaa. Kwenye safu ya mkoa kuna "Dar es Salaam", kuna "DSM", kuna "Dar", na kuna "Dar es Salaam" nyingine yenye nafasi tupu mwishoni, ambayo jicho haliioni ila kompyuta inaihesabu kuwa mkoa mwingine kabisa. Kwenye safu ya tarehe kuna 03/04: karani mmoja alianza na siku, mwenzake akaanza na mwezi, kwa hiyo mauzo hayo ni ya Aprili kwa huyu na ya Machi kwa yule. Bei moja imeandikwa "elfu tano" kwa herufi. Risiti moja imejirudia mara tatu. Unasafisha, unaoanisha, unachora grafu, unaandika mapendekezo, na kwa heshima unapaka rangi za nembo ya kampuni.

Mwenye roho mbaya atauliza: data ya mazoezi imepata wapi makosa yanayonuka jasho la karani wa kweli? Tena atawahesabu waombaji waliofika hatua hii, aseme ofisi imefanyiwa usafi wa mwaka mzima bila kutoa hata soda. Tumsamehe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usaili wetu umeiboresha hekima hiyo: jembe unapewa getini, kabla hujaambiwa karibu ndani.

Halafu kuna jopo. Mmoja anauliza, wawili wanaandika, wa nne anausoma wasifu wako kwa mara ya kwanza huku unamtazama. "Unajiona wapi miaka mitano ijayo?" Kwa mwendo huu, jibu la kweli ni hatua ya tisa. Baadaye, maji ya chupa yakishafunguliwa, hushuka maswali ya kirafiki: kwenu ni wapi, umeolewa, watoto bado? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, ndoa, ujauzito au majukumu ya familia, na katika kifungu hicho mwombaji kazi anahesabiwa pamoja na mfanyakazi. Jopo linaijua. Ndiyo maana linauliza huku linatabasamu.

Sheria hiyo hiyo ina zawadi kwa mwajiri mwenye wasiwasi. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Maana yake mwajiri ana nusu mwaka wa kumwangalia mchambuzi akiwa kwenye kiti, na data halisi mbele yake. Mbona hatosheki? Kwa sababu nusu mwaka huo una kasoro moja kubwa: lazima aulipie.

Wapinzani wa usaili mrefu hupenda kumtaja Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya watu kule Google. Katika kitabu chake Work Rules! cha mwaka 2015 anaeleza kwamba kampuni ilizichambua takwimu zake za kuajiri, ikaona wasaili 4 wanatosha kutabiri kwa uhakika wa asilimia 86 kama mtu aajiriwe au asiajiriwe. Kila msaili baada ya hapo aliongeza kama asilimia 1 tu. Haya ni maneno ya watu wanaoamini takwimu. Kampuni yetu haijafika huko. Ndiyo kwanza inatafuta mchambuzi.

Na hapa ndipo sifa inapoacha kuwa utani. Kampuni imetangaza kwamba inataka mtu wa kuisaidia kuamua kwa data. Imepata alama za mtihani, imepata ripoti, imemwona mtu kwa macho, na bado haijaamua. Inaomba kikao kingine. Usaili mrefu unakuonyesha, bure na mapema, ripoti zako zitakavyoishi humo ndani: zitapita kwenye meza zile zile, zitasifiwa, zitaombewa toleo jipya, na uamuzi utabaki pale pale. Hakuna tovuti ya kampuni inayosema ukweli kama huo.

Mwisho wake ni ukimya. Posa ikikataliwa, mshenga hutumwa arudishe jibu hata kama ni chungu, kwa sababu watu waliingia nyumbani kwa watu. Kampuni inayokuaga kwa "tutakupigia" haitumi mshenga. Siku moja unaliona tangazo lile lile limerudi mtandaoni, nafasi ni ya haraka, na hilo ndilo jibu lako.

Basi nanyi waajiri, mkitaka usaili huu uendelee kusifiwa, fanyeni matatu. Andikeni kwenye tangazo lenyewe una hatua ngapi na utaisha lini. Kazi ya nyumbani ikizidi saa mbili, ilipeni, au tumieni data ya kubuni. Na aliyekosa, mwambieni amekosa. Mtu aliyewasafishia tarehe za mwaka mzima anastahili ujumbe mfupi wa mstari mmoja.