Shikamoo, Kukatizwa

Ukimya umesifiwa vya kutosha. Kila anayewapa nasaha watahiniwa wa bodi ya uhasibu huanza nao: tafuta chumba tulivu, zima simu, panga ratiba, jifungie. Waliofaulu kwa njia hiyo wapo, na hongera zao nawapa. Ukiwachunguza, wengi walikuwa wanaishi chumba kimoja, wanakula kwa mama ntilie, na nguo zao anafua mtu mwingine. Sisi tuliobaki tuna mwalimu wetu ambaye hajawahi kuandikiwa hata mstari mmoja wa shukrani. Hadai ada, hakosi kipindi, na huingia darasani bila hodi. Anaitwa Kukatizwa, na leo nimekuja kumwamkia.

Mitihani ya uhasibu ya NBAA hufanyika Mei na Novemba. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na sidhani kama kuna kifungu kinachomtambua mtahiniwa mwenye mtoto anayeota meno. Si kosa lao. Fani yenyewe ilianza hivyo. Luca Pacioli, aliyechapisha Venice mwaka 1494 kitabu kilichoeleza uandishi wa hesabu wa pande mbili, alikuwa mtawa wa Kifransisko. Hakuna aliyemjia katikati ya ukurasa saa tatu usiku kumwambia, "Mama, mwalimu kasema kesho twende na fagio la chelewa."

Mimi huambiwa. Na hapo ndipo ubora wa mwalimu wangu unapoonekana, kwa sababu wahadhiri wa darasa la marudio hufundisha kwa mifano ya kampuni zisizokuwepo, lakini Kukatizwa hufundisha kwa mali ya nyumbani. Chukua kiwango cha uhasibu cha IAS 41, kile cha kilimo. Nilikisoma mara nyingi bila kukielewa mpaka siku wifi yangu alipofika bila taarifa. Kuku aliyekuwa akichakura uani alikuwa mali hai, na thamani yake ni bei ya soko ukitoa gharama za kumuuza. Alipochinjwa akawa zao la kilimo, na kuanzia hapo akahamia IAS 2, kiwango cha bidhaa ghalani. Alipoingia kwenye pilau, hakuna kiwango tena. Wifi alimaliza mjadala kwa kijiko.

Au simu. Wanasema simu ni adui wa msomaji, na ni kweli inalia, lakini sikiliza inachosema: kamati ya harusi ya binamu inakumbusha ahadi. IAS 37 inataka mambo matatu ndipo utenge fedha: wajibu wa sasa uliotokana na tukio lililopita, uwezekano mkubwa wa fedha kutoka, na kiasi kinachokadirika. Tukio lililopita ni kwamba wewe ulichangiwa. Fedha zitatoka, utake usitake. Kiasi kimeandikwa kwenye kadi, tena kwa tarakimu nene. Sijapata mhadhiri aliyenifafanulia vizuri kuliko mweka hazina wa kamati hiyo, ambaye hata jina la kiwango hicho halijui.

Lakini katika wote waliowahi kunikatiza, nishani nampa mama mkwe. Alikuja Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki, akakaa. Usiku mmoja alinikuta mezani na IFRS 16, kiwango cha mikataba ya kupangisha kilichoanza kutumika mwaka 2019, akavuta kiti.

"Unasoma nini hicho, mwanangu?"

Mtihani uko kwa Kiingereza. Mama mkwe hayuko kwa Kiingereza. Ikabidi nieleze kwa lugha ya watu kwamba kampuni ikipanga jengo kwa miaka kadhaa, inaliingiza kwenye mizania yake pamoja na deni la kodi itakayolipwa.

"Kwa hiyo nyumba ya kupanga mnaiandika yenu?"

"Si nyumba, mama. Ni haki ya kuitumia."

"Mwenye nyumba anajua?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana swali lile lilikuwa zuri kuliko la kwenye kitabu. Mwenye nyumba anajua, na yeye bado ana jengo lake vitabuni, kwa mkataba wa kawaida wa upangaji. Kitu kimoja, vitabu viwili, kila mmoja kaandika haki yake. Nililala saa saba, nikiwa nimeelewa. Mama mkwe aliamka saa kumi na moja kuuliza maji ya moto yako wapi, nikawa macho tena kwa kipindi cha pili.

Mwenye shaka na ushahidi wangu asikie na wataalamu. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927 utafiti aliofanya Berlin, akisema watu walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza. Waliourudia baadaye hawakupata majibu yale yale kila mara, lakini wakili hamfukuzi shahidi wake kwa sababu ndogo hivyo. Kwa kipimo cha Zeigarnik, ningepaswa kuwa mtu mwenye kumbukumbu kubwa kuliko wote mtaani kwetu Tabata, kwa sababu tangu nizae sijamaliza kitu. Hata Luku ya umeme inaujua utafiti huo. Uniti zake huisha katikati ya swali la kodi, kamwe si mwishoni.

Mwalimu huyu ana kasoro moja tu, nayo ni upendeleo. Hawafundishi wote. Baba akifungua kitabu, nyumba nzima hutembea kwa vidole: "Baba anasoma, msimsumbue." Chai inampata alipo. Mama akifungua kitabu, anakuwa mama aliyekaa, na mama aliyekaa ni mama anayepatikana. Nimeona baba na mama wamekaa sebule moja, wote wawili watahiniwa, mtoto akampita baba aliye karibu akaenda kwa mama aliye mbali kuuliza soksi ziko wapi. Akina baba wanadhulumiwa elimu nzuri, na sijasikia hata mmoja akilalamika.

Novemba upendeleo huo unazidi, kwa sababu ndio mwezi wa mtihani wa kidato cha nne pia. Ipo nyumba yenye watahiniwa wawili mwezi huohuo. Televisheni inazimwa, wageni wanaombwa radhi, mayai yanaongezwa kwenye kifungua kinywa, dua zinasomwa. Yote hayo ni kwa ajili ya kijana. Mtahiniwa mwingine ndiye anayekaanga mayai.

Hakuna haja ya kumhurumia. Atapata mapumziko yake kwenye chumba cha mtihani. Tazama kina mama wanavyoingia pale: wengine wana mabaki ya unga kwenye kiwiko, mmoja kashika kalamu yenye kifuniko kilichotafunwa na mtoto. Msimamizi anasema simu zizimwe, hakuna kuongea, hakuna kutoka bila ruhusa, na ghafla zinafunguliwa saa ambazo mtu yeyote akimwita mama ataondolewa na mlinzi. Huko ndiko ukimya ulikokuwa umejificha, na huuzwa kwa bei ya ada ya mtihani, karatasi moja moja. Sasa naelewa kwa nini baadhi yetu hatuna pupa ya kufaulu zote kwa mkupuo.

Basi, ewe Kukatizwa, marahaba yako nimeipokea, na cheti kikija jina lako litastahili kuandikwa chini ya langu. Ila kwa majuma haya machache yaliyobaki kabla ya mtihani nakuomba uhame kidogo. Wapo akina baba wengi wenye kiu ya elimu; wafundishe na wao fagio la chelewa, soksi na maji ya moto.

Nawe unayeishi na mtahiniwa wa Novemba: vyombo viko kwenye sinki.