Pole kwa Wote Niliowatengenezea Zawadi

Ukimwona mwanamke ananunua bafta mwezi wa Rajabu, jua kuna mwanamume atakayevaa kofia isiyomtosha siku ya Idi. Mwenyewe hana habari, maskini. Anapita sebuleni, anamkuta mkewe ameinamia kitambaa cheupe, anadhani ni foronya inatiwa kiraka. Kumbe anashonewa yeye.

Mimi ni mmoja wa wanawake hao. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, mikono huanza kuniwasha, na hujiambia kwamba zawadi ya kutengeneza mwenyewe ni nafuu. Huo ndio uongo mkubwa kuliko yote katika ufundi wa nyumbani, na nashuku walioueneza ni wauza nyuzi. Kofia ya mashine unaipata Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ndani ya mfuko wa nailoni. Unabishana bei kidogo, unalipa, unaondoka. Ya mkono inataka bafta, inataka uzi, inataka sindano za akiba, maana moja lazima ipotelee kwenye kochi na atakayeipata ni mgeni, tena kwa makalio. Halafu kuna nauli ya kurudi dukani uzi ukiisha, na nauli nyingine ya kurudisha ule uzi, kwa sababu weupe wake haulingani na weupe wa mwanzo. Asiyeshona hajui kwamba weupe una makabila.

Kofia ya viua yenyewe ni kazi ya kuheshimiwa. Unakunja bafta tabaka mbili, unachora nakshi kwa penseli, kisha unatoboa kitundu kimoja kimoja kwa sindano na kukizungushia uzi ukingoni mpaka kikae wazi. Vitundu ni mamia. Mafundi wa Lamu na Unguja huweza kumaliza miezi kwa kofia moja, na zamani mke kumshonea mumewe ilikuwa jambo la fahari. Nina hakika waliokuwa safu ya nyuma msikitini walikuwa wakisoma hali ya ndoa za watu kabla ya iqama.

Tatizo ni kichwa. Kofia hupimwa kwa inchi, na njia ya kawaida ni kumzungushia mtu tepu. Lakini ukimpima atajua, na zawadi ni siri. Basi baba mkwe alipokuja kututembelea, akavua kofia yake kwenda kutawadha, nikaikwapua na kukimbia nayo jikoni, nikaivisha sufuria moja baada ya nyingine hadi nikapata inayolingana naye. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna sufuria inaitwa Baba Mkwe. Inapika wali wa watu wanne. “Leo tumia Baba Mkwe,” namwambia binti yangu, naye anaitoa kabatini bila kuuliza. Wageni wakiwepo, bila shaka, inarudi kuwa sufuria.

Vipimo vilikuwa sahihi kabisa. Ila sufuria ukiiosha haibadiliki, bafta ukiifua inanywea. Nilipomaliza kushona niliifua kofia, nikaianika kambani, na nilipokuja kuitia kanji na kuivisha sufuria ili ikauke na umbo lake, ikakataa. Nikailazimisha, ikaingia nusu. Siku ya Idi mzee aliipokea kwa dua ndefu, akaiweka utosini, akaenda kuswali bila kugeuza shingo. Watu wa mtaani walimsalimia kulia na kushoto, yeye anajibu huku anatazama mbele. Jioni habari zikaenea kwamba mzee siku hizi ana maringo.

Jambo jingine linalotutesa sisi wa Idi ni mwezi. Jirani yangu anayefuma vitambaa vya makochi kwa ajili ya Krismasi anajua tangu Januari kwamba siku yake ni 25 Desemba, na bado mkesha unamkuta anafuma ndani ya daladala, akielekea kanisani. Sasa fikiria sisi, ambao Ramadhani huisha kwa siku 29 au 30, na jibu hutoka usiku! Familia nzima iko nje inatafuta hilali, watoto wamepanda ukutani, na mimi peke yangu kimoyomoyo naomba mawingu, kwa sababu upande wa nyuma bado sijautoboa. Ndiyo maana kwenye ukoo wetu kuna kofia zenye nakshi mbele tu. Waliozipata wameshauriwa wasigeuke.

Vitambaa vya jirani navyo vina vituko vyake. Alituletea seti kamili, ya kochi kubwa, viti na meza, na ya redio ambayo hatunayo. Ni kazi nzuri sana, lakini inanasa. Mgeni akiinuka anaondoka na kitambaa mgongoni, na nimewahi kumkimbiza afisa mmoja wa serikali hadi kituo cha basi.

Lakini mambo ya kofia na vitambaa ni madogo. Mambo makubwa yako kwenye batiki. Nilitaka kumpa shangazi doti ya batiki niliyoitia rangi mwenyewe. Unayeyusha nta, unachora nayo maua juu ya kitambaa, unakitumbukiza kwenye beseni la rangi iliyochanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti, na popote penye nta rangi haiingii. Utamu wake ni kwamba kitambaa kinatoka kwenye beseni kina rangi ya kijani isiyoeleweka, halafu hewa ikikipiga kinageuka buluu mbele ya macho yako. Sharti uvae glavu. Nilivaa. Ya kulia ilikuwa na tundu, na hewa haikubagua kitambaa na mtu.

Asubuhi ya Idi watoto wa mtaa walijipanga mlangoni kutaka mkono wa Idi, wakaupata, wa buluu. Wakubwa walichukua hela wakakimbia. Mdogo wao alitazama noti, akatazama vidole, akaamua umaskini ni bora. Bibi mmoja aliniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo hina ya vijana wa siku hizi. Pilau nilikula kwa kijiko, na mama mkwe alikitazama kile kijiko kuliko alivyotazama nyama.

Shangazi yeye alishukuru sana. Kwa bahati mbaya nta ya batiki hutolewa kwa kuchemsha kitambaa, na mimi mkaa uliniishia kabla nta haijaisha. Alipopiga pasi gauni aliloshona kwa doti ile, pasi ikaibeba nta ile na kuipeleka moja kwa moja kwenye kanzu ya mumewe iliyokuwa zamu ya pili. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mungu akubariki mikono, mwanangu,” na mumewe akauliza ni mkono upi.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma wapokeaji. Doti ya kanga ya dukani inakuja na jina lake limeshaandikwa, na mpokeaji asipoipenda anampa mwenzake kimyakimya. Zawadi ya mkono haina mlango wa kutokea. Aliyeitengeneza anakuja kukagua. Anakunywa chai, anatupa macho huku na huku, kisha anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ile kofia unaivaaga?” Baba mkwe, Mungu ampe umri mrefu, ameitundika yake nyuma ya mlango wa mbele, na akisikia nabisha hodi anaivaa kwanza ndipo anafungua. Watu husifu subira ya mshonaji. Mimi nasema mwenye subira ni yule anayevaa.

Sasa zamu yenu, mashemeji zangu. Mwaka huu nawashonea ninyi. Siri haina faida tena, kwa hiyo njooni mapema na vichwa vyenu nivipime kwa tepu, maana jikoni zimebaki sufuria mbili tu: ya kuchemshia maziwa, na ile ya shughuli.