Kichwa Si Sehemu ya Mwili

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii nchini Kenya (SHA) humkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, wala haijapata kumpunguzia hata senti kwa hoja kwamba kichwa si sehemu ya mwili. Hoja hiyo husubiri siku ya kuugua. Tiba ya akili na uraibu imo kwenye kifurushi cha SHA, tena kwa wino mzuri; ila malipo yana kikomo, na vituo vingi vya kuwaachisha watu pombe ni vya binafsi. Naye mvuvi wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, asiye na mshahara wa kukatwa na anayetegemea usiku wa giza apate omena, hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, au akope.

“Mlevi alijitakia,” husema wenye busara zao. Sawa. Na aliyeingia ziwani pekupeku akijua kichocho kimo? Huyo hutibiwa pale Russia, jina ambalo Kisumu imeipa hospitali ya Jaramogi iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, bila kuhojiwa tabia. Wengine hulia kwamba hazina ni tupu. Ajabu, maana kila bia inayofunguliwa mtaani Kondele imeshalipa ushuru. Wabunge, utengeni ushuru huo kwa tiba ya uraibu.